Mwonja Pombe wa Ukoo Wetu

Kama hujawahi kunusa paraldehaidi, mshukuru Mungu wako. Ilikuwa dawa ya maji ya kuwatuliza watu walioletwa wodini wakitetemeka baada ya kuikosa pombe, na harufu yake haikutoka mwilini kwa sabuni wala kwa maji ya ziwa. Mke wangu alijua nimefika kabla sijafungua mlango. Watoto wangu wadogo walidhani kila baba duniani ananuka hivyo.

Nawaandikia ninyi mnaosomea uuguzi sasa, na wajukuu wangu pia, kwa kuwa kila mkija kwangu mtaani Mamboleo mnaniuliza jambo lile lile: Mzee Nashon, mbona hata kwenye harusi hugusi pombe? Wengine mmeamua ni dini. Si dini, ingawa Mungu ananisaidia. Ni maneno niliyoyasikia yakitoka kinywani mwangu mwenyewe, wodini, mchana kweupe, na mpaka leo sijayasahau. Nitafika huko kwa mwendo wangu. Mstaafu hana haraka.

Nilianza kazi katika wodi ya wagonjwa wa akili hapa Kisumu miaka ya themanini mwanzoni. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Rebeka, mama wa Kimaragoli mwenye sauti ndogo na macho yanayoona mpaka nyuma ya ukuta. Paraldehaidi ilivutwa kwa sirinji ya kioo, kwa sababu plastiki inayeyushwa na dawa ile. Mimi nilikuwa mgeni, nikaona sirinji mpya za plastiki zimeletwa, zinang'aa, nikajiambia wazee hawa wanapenda mambo ya kale. Nikavuta dawa, nikaenda kumsaidia mwenzangu kumshika mgonjwa, na niliporudi bomba lilikuwa limelegea na kushikana na dawa ndani. Sista akalichukua, akaligeuzageuza.

"Umepika sindano, Bwana Nashon," akasema. "Sasa weka chumvi tule."

Jina la Mpishi lilinikaa mpaka dawa yenyewe ilipoondolewa na vidonge vikachukua mahali pake. Ninyi mna vidonge, mna mashine za kupima kila kitu. Sisi tulikuwa na vidole, saa ya mkononi na Sista Rebeka. Alitufundisha kumwambia mgonjwa anyooshe mikono, halafu kuweka karatasi juu ya vidole vyake, kwa sababu mtetemo ambao jicho haliuoni, karatasi inauonyesha. Alitufundisha kumpa mlevi sindano ya vitamini kabla ya dripu ya sukari, wala si baada yake, maana ukikosea mpangilio huo unaweza kumharibu akili ukidhani unamlisha. Na alitufundisha kukagua viatu. Chupa ndogo ya chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, inalala vizuri sana ndani ya buti la mvua.

Kulikuwa na mvuvi mmoja aliyeona omena, vile visamaki vya ziwani, wakipanda miguu ya kitanda chake. Mimi, kwa ujuzi wangu mkubwa wa miezi michache, nikamwambia hakuna omena hapa, hii ni hospitali. Alinipiga ngumi nikaketi sakafuni. Sista akafungua pazia mwanga uingie, akamshika mkono, akamwita jina lake na jina la mama yake, akamuuliza ufuoni kwao panaitwaje. Mtu akatulia. "Usimbishie na usimkubalie," akaniambia huku akiniinua. "Mrudishe tu kwao." Hilo hamtalikuta kwenye mashine.

Sasa niseme habari ya baba, maana bila yeye mengine hayaeleweki.

Baba alikuwa seremala kule kwetu Seme, fundi hodari, na mlevi. Kabla sijaingia chuo cha uuguzi, ndugu zake pamoja na watu wa kanisa waliamua kumwokoa. Walimfungia katika nyumba ndogo, wakampa maji na uji, wakaimba na kuomba nje ya mlango ili pombe imtoke yote kwa mara moja. Ilitoka. Siku chache baadaye alianza kutetemeka, akazungumza na watu wasiokuwepo, kisha akaanguka kifafa juu ya kifafa mpaka akakata roho. Tukasema pepo limetoka, limeondoka naye. Nilisema hivyo hata mimi, na niliamini.

Halafu nikaingia wodini, na wiki ile ile ya sirinji nikamwona mtu wa kwanza akianguka vile, mtetemo ule ule, macho yale yale. Sista akaita dawa, akachoma, mtu akalala, na baada ya siku kadhaa akaenda nyumbani kwa miguu yake. Nilisimama pale na bakuli mkononi nikiwa sijui hata limetoka wapi. Baba hakuuawa na pepo. Aliuawa na kufuli, na mlango ulifungwa na watu waliompenda. Nilishtuka, nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Kwa hiyo mkisahau mengine yote, hili mlishike: mlevi sugu hafungiwi ndani aachishwe pombe ghafla. Mleteni hospitali.

Huo ulikuwa mshtuko wa kwanza. Nilidhani ndio mkubwa.

Kwetu mtoto akizaliwa na kulia bila kunyamaza, wazee huita majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Marehemu aliyemnyamazisha ndiye anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Mimi nilinyamazishwa na Nashon, babu aliyekuwa katekista na ambaye hakuonja pombe maisha yake yote. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikakauka, akanyamaza walipotaja Oluoch, ndugu wa baba aliyefia njiani akiwa amelewa. Mama alilia pia. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukajua nani kati yetu ana bima na nani hana. Oluoch alilindwa. Hakutumwa mahali pa pombe, hakuachwa na wajomba walevi, aliombewa kila Pasaka. Kama pombe ilikuwa inarithiwa, basi ilirithiwa kwa jina, na jina alikuwa nalo yeye.

Na ushahidi ulionekana wazi. Tulipokuwa vijana, Oluoch alikunywa kikombe kimoja cha busaa kwenye sherehe, akacheka peke yake, akatapika, akalala chini ya ghala. Watu wakatikisa vichwa: mnaona, jina limeanza kazi. Mimi nilikunywa na wakubwa zangu, kikombe baada ya kikombe, na sikusikia kitu. Nilibeba watu nyumbani mgongoni. Wazee walinisifu. Kichwa kigumu, walisema, kichwa cha katekista.

Basi wakanipa kazi. Kwenye matanga, pombe huletwa na wapishi mbalimbali, na kila mtu amesikia habari za chang'aa mbovu iliyopofusha watu. Ukoo wetu ulikuwa na utaratibu wake: mtu mmoja mwenye kichwa kigumu anaketi karibu na vyombo, anaonja kila kimoja mbele ya waombolezaji, na akibaki sawa ndipo wengine wanakunywa. Mwenye kichwa chepesi hafai, maana akianguka nani atajua kama ni sumu au ni ulevi tu? Nilikuwa mwonjaji hata baada ya kuajiriwa. Tena baada ya kuajiriwa nilipendwa zaidi, maana sasa aliyeonja alikuwa dresa, muuguzi wa hospitali. Wiki nzima nalea walevi Kisumu, Jumamosi nipo Seme na kikombe mkononi. Sikuona tatizo lolote, na hakuna aliyeliona.

Miaka ya themanini ilipokuwa inaisha, alikuja daktari mpya, mwanamke kijana kutoka Taita. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko sisi sote, lakini hakujua neno la Kijaluo, na mtu anayetetemeka Kiswahili humkimbia kwanza. Kwa hiyo nikawa mkalimani wake. Aliniomba nisiseme "anasema hivi, anasema vile." Niseme kama mgonjwa mwenyewe anavyosema, mimi badala ya yeye, ili asipoteze kitu.

Asubuhi moja tulianza na Zablon, dereva wa trekta la miwa kutoka Muhoroni. Alikuwa mtu mkubwa, na mikono yake ilicheza juu ya shuka kama inayotafuta usukani. Daktari alimweleza kilichokuwa kikimpata, nami nikageuza.

"Ubongo wako una breki na una mafuta," alisema. "Pombe inakanyaga breki. Ubongo ukiona breki imekanyagwa kila siku, unaongeza mafuta ili mambo yaende. Sasa umeacha pombe ghafla. Breki imeachiliwa, na mafuta bado yako juu."

Zablon akaelewa kabla sijamaliza. "Trela iko na miwa, na iko kwa mteremko," akasema kwa Kiswahili chake, na alikuwa karibu kutabasamu.

Kisha daktari akauliza swali ambalo sikuwahi kusikia mtu akiliuliza. Hakuuliza anakunywa kiasi gani. Aliuliza: mwanzo kabisa, ukiwa kijana, kabla hujazoea, pombe ilikuwa inakulewesha upesi?

Zablon akajibu kwa Kijaluo, polepole, na mimi nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu:

"Hapana. Pombe haikuwa inaniweza. Wenzangu walianguka, mimi nikawabeba nyumbani. Watu walinisifu, wakasema nina kichwa kigumu."

Tukaenda kitanda cha pili. Swali lile lile. Nikasema: "Nilikuwa nakunywa kama maji. Sikusikia kitu. Baba yangu pia alikuwa hivyo." Kwenye kitanda cha tatu alikuwa mtu wa makamo, mwalimu. Nikasema: "Ndugu yangu alilewa kwa glasi moja, akaacha. Mimi sikulewa, nikaendelea."

Hapo niliacha kutafsiri. Yule mwalimu alikuwa anaendelea kuzungumza, daktari alikuwa ananitazama akingoja, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya wodi nimeishiwa na maneno katika lugha zote. Yale niliyokuwa nayasema kwa niaba ya wagonjwa yalikuwa maisha yangu. Hayakuhitaji kubadilishwa hata neno. Nilitazama vitanda vile nikaona kimoja kiko kitupu, kimetandikwa.

"Bwana Nashon, unaumwa?" daktari akauliza.

"Daktari," nikasema, "hili swali unauliza kwa nini?"

Akanieleza pale pale. Kwamba wataalamu walikuwa wameanza kuona kuwa ulevi hutembea ndani ya familia, hata kwa watoto wa walevi waliolelewa mbali na wazazi wao. Kwamba si jina wala pepo; ni jinsi ubongo ulivyoumbwa, na moja ya dalili ni hii, kwamba mtoto wa mlevi mara nyingine anakunywa na hasikii. Wengine wana kengele ndani inayowaambia basi, imetosha. Yeye kengele yake iko kimya, kwa hiyo anaendelea, na siku ubongo unapokuja kudai, umeshazoea. "Si hukumu," akasema. "Wengi wa namna hiyo hawafiki kitandani hapa. Lakini watu wanawaogopea wasiostahili kuogopewa."

Nilifikiri habari za Oluoch, aliyeombewa kila Pasaka akiwa na kengele inayolia kwa kikombe kimoja. Na mimi, mwenye bima, ndiye niliyewekwa karibu na vyombo. Ukoo mzima ulikuwa umesoma kitu sahihi ukakielewa kinyume.

Sista Rebeka, aliyejua kazi yangu ya Jumamosi, alinikuta kwenye chumba cha dawa nimeshika karatasi juu ya vidole vyangu. Alitazama pamoja nami. Ilitetemeka kidogo, na mpaka leo sijui kama ilikuwa pombe au hofu.

"Matanga ya kwenu yanakuja lini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni Jumamosi, baba mdogo amefariki.

"Ukisema huwezi, watakubembeleza. Ukisema umeokoka, watakucheka wakungoje uanguke. Sema uko kwa dyuti. Mwafrika hampi pombe mtu aliye zamu."

Nikaenda Seme. Baada ya mazishi, wakati wa kula, Jaduong' Aloo, mkubwa wa ukoo, aliniita mbele ya watu wote. Vyombo vilikuwa vimepangwa kivulini. Pembeni alisimama Min Atieno, mama yake Atieno, mpishi hodari wa pombe wa pwani yote ile ya ziwa, mikono kiunoni.

"Nashon, wuod Seme, mwana wa kwetu, kuja kaa hapa. Watu wako na kiu."

"Jaduong', leo sionji. Niko kwa dyuti."

"Dyuti gani? Hii ni matanga ya baba yako mdogo."

"Niko kwa dyuti," nikarudia, maana Sista hakunifundisha sentensi ya pili.

Na hapo likatokea jambo ambalo mimi wala Sista hatukulifikiria. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Dresa wa hospitali amekataa kuonja." Akajibiwa na mwingine, "Basi ameona kitu." Vikombe vilianza kuwekwa chini. Waliokuwa wameshaiba funda moja nyuma ya jikoni wakaanza kushika macho yao. Mjomba mmoja alisema tayari haoni vizuri, kisha akakumbuka kuwa miwani yake iko mfukoni.

Min Atieno alinijia uso kwa uso. "Wewe mtoto, mimi napika hii kitu tangu uko kwa mgongo ya mamako. Unaniharibia jina mbele ya watu? Sema hii pombe iko na nini."

Nilikuwa na njia rahisi. Ningechukua funda moja, watu wangepumua, matanga yangeendelea. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka. Ninyi vijana hamwezi kujua jinsi funda moja linavyoonekana dogo mbele ya ukoo mzima uliokasirika. Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Pombe haina kitu, mama," nikasema. "Ni mimi niko na kitu. Niko na kile alikuwa nacho baba." Nikawaambia yote, ya vitanda, ya swali la daktari, ya kichwa kigumu. Nikasema mnayepaswa kumchunga ni asiyelewa. Kama mnataka mwonjaji, mpeni Oluoch, yeye atawaambia ukweli haraka.

Walicheka, kisha wakampa kweli, kwa hasira. Mdogo wangu, aliyelindwa maisha yake yote, alipiga mafunda mawili mbele ya watu, akawa mwekundu wa macho, akaenda zake chini ya ghala akalala. Sasa ndipo hofu ilipowaingia sawasawa. Wakakimbia kumwaga. Min Atieno alipiga kelele mpaka alipoishiwa na sauti, pombe yake inaingia mchangani. Oluoch aliamka baadaye kidogo, akauliza kama ugali umebaki.

Wengi hawakunielewa siku ile. Walisema hospitali imeniharibu. Lakini Jaduong' Aloo alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika akanishika bega. "Kijana yangu ya kwanza," akasema, "hajawahi kulewa." Alikuwa amejisifia jambo hilo miaka mingi, na nilimwona usoni akilisikia upya. Nilimwambia amlete Kisumu tuzungumze, na alimleta.

Nilidhani yameisha. Wanangu wa kiume walipokua niliwaketisha, mmoja mmoja, nikawaambia yote haya. Niliona nimemaliza kazi yangu kama baba.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, binti yangu Akinyi, aliyekuwa ameanza kufundisha, alikuja kula nasi Jumapili baada ya harusi ya rafiki yake kule Milimani. Alikuwa na furaha. Alisimulia mapambo, nyimbo, keki. Halafu, huku akichambua samaki, akasema:

"Baba, si watu walilewa. Wenzangu walilala kwa viti. Mimi nilikunywa kama wao na nikakuwa tu sawa, nikawasaidia wote kuingia kwa gari. Waliniambia niko na kichwa ngumu."

Nikarudisha tonge sahanini. Miaka yote ile, ndani ya wodi na nje, sikuwahi kumuuliza msichana swali lile. Kwetu hakuna anayepima kichwa cha binti. Alikuwa na macho ya baba yangu, na mimi nilikuwa nikiyaona kila siku nikidhani ni macho tu.

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, samaki akapoa.

"Wewe ukionja ulikuwa unasikia nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Hata mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna kitu." Akasogeza sahani pembeni. "Sasa nitafanya aje, Baba?"

Sikuwa na vidonge vya jambo hilo, wala sindano. Nilikuwa na sentensi moja ya Sista Rebeka, nikampa.

Nilipostaafu, wenzangu walinifanyia sherehe. Akinyi alikuja, shule zimefungwa, yuko likizo. Kijana mmoja wa wodi alipita na chupa akamimina kwa kila mtu, akafika kwake. Akinyi akafunika glasi yake kwa kiganja.

"Asante, niko kwa dyuti," akasema.

"Mwalimu, si mko likizo?" yule kijana akacheka, na meza yote ikacheka naye. Akinyi akacheka pia, lakini mkono hakuuondoa. Kisha akanitazama kutoka upande ule wa meza, nami nikafunika glasi yangu.